Kutunga Muziki wa Brasi Bendi Kama Kazi: Mwongozo Kamili Kuanzia Kiti cha Nyuma

Nota mpya zinagawiwa usiku wa siku ya kazi. Wapigaji wametoka ofisini, gereji, darasani. Mmoja bado amevaa sare ya hospitali chini ya koti. Kondakta anahesabu, wanaanza, na ndani ya dakika 20 bendi imeshaamua kama itakupenda au la. Hakuna anayetamka neno. Utaona migongoni mwao: waliokaa wima wamekubali, walioegemea viti wamekwisha kukukataa.

Karibu bendi zote za aina hii ni za watu wasiolipwa. Hata zile zinazosifika kuliko zote, kama Black Dyke iliyoanza 1855 kwenye kiwanda cha nguo huko Yorkshire, au Cory ya Wales iliyoanza 1884, wapigaji wake wengi wana kazi nyingine za kuwalisha. Mpigaji wa namna hiyo huja kwa mapenzi, na mapenzi yakiisha habaki. Kwa hiyo nakuambia mapema jambo nililochelewa kulielewa: ukitaka kuishi kwa kazi hii, jifunze kumwandikia mtu aliyekaa kwenye kiti fulani. Mtunzi anayesikia sauti tupu kichwani, bila kumwona anayepiga, hupigwa mara moja tu.

Ninaposema brasi bendi nakusudia ile ya mtindo wa Uingereza: vyombo vya shaba, yaani korneti (ndugu mfupi wa tarumbeta), honi, tromboni na besi, pamoja na vyombo vya kugonga. Haina klarineti wala saksafoni. Ndiyo inayopigwa Uingereza, Norway, Uswisi, Uholanzi, Ubelgiji, Australia na New Zealand, na ndiyo yenye mashindano, wachapishaji na soko la nota.

Hatua ya kwanza: kaa kwenye bendi kabla ya kuiandikia

Tafuta kiti, na usichague cha mbele. Mimi nilikaa miaka saba kwenye tenahoni ya pili, honi ya sauti ya kati. Kwenye machi kazi yangu ilikuwa kujibu besi: wao wanapiga pigo, mimi napiga baada ya pigo, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwenye vipande virefu nilihesabu vipimo 47 (visehemu sawa vinavyogawa muziki) vya kimya, nikapiga nota mbili, nikahesabu tena. Hakuna darasa lililonifundisha zaidi ya hapo. Nilijifunza jinsi midomo inavyopoa baada ya kimya kirefu, na jinsi nota ya kwanza baada ya kimya hicho inavyotisha. Nilijifunza pia furaha ya mtu wa nyuma anapopewa vipimo vinne vya wimbo wenyewe.

Watunzi wakubwa wa muziki huu wengi walipitia njia hiyo. Jeshi la Wokovu lilipata bendi yake ya kwanza 1878, Charles Fry na wanawe watatu mjini Salisbury, na tangu hapo bendi zake zimekuwa shule ya utunzi kuliko chuo chochote. Eric Ball, Edward Gregson na Peter Graham wote walilelewa humo. Hata wale waliokuja kutoka orkestra walikuwa na chombo cha shaba mikononi: Gustav Holst alikuwa mpiga tromboni wa kulipwa, Malcolm Arnold alipiga tarumbeta kwenye London Philharmonic Orchestra.

Kama huwezi kupiga, omba kukaa kando ya mazoezi kwa mwaka mzima na nota za kondakta mapajani. Fuatilia kiti kimoja kila wiki, usifuatilie bendi yote kwa pamoja. Na usione haya kuomba msaada wa anayejua vyombo. Elgar, akiwa amevuka miaka 70 na mwenye jina kubwa kuliko mtunzi yeyote wa Uingereza wakati huo, alipoandikia bendi 1930 alisaidiwa na Henry Geehl kukipangia vyombo kipande chake.

Hatua ya pili: vijue viti vyote 25

Hapa usiwe na haraka. Bendi ya mashindano ina wapigaji 25 wa shaba na wawili hadi wanne wa vyombo vya kugonga. Idadi hiyo haibadiliki, na ndiyo faida yake kubwa kwa mtunzi: kipande ulichoandikia bendi moja kinaweza kupigwa na mamia ya bendi nyingine bila kubadilisha hata sauti moja.

Korneti ni 10. Soprano ni moja, ya E flati (flati ni nota iliyoshushwa kidogo, shapu ni iliyopandishwa), na tisa zilizobaki ni za B flati: nne za mstari wa mbele, repiano moja, mbili za pili, mbili za tatu. Halafu flugelihoni moja, tenahoni tatu, baritoni mbili, yufoniamu mbili, tromboni mbili za sauti ya tenor na tromboni besi moja, besi mbili za E flati na mbili za B flati.

Karibu wote husoma ufunguo wa G (alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha nota ipi inakaa wapi), hata wa besi. Sababu yake ni ya kibendi kabisa: mtoto aliyeanza na korneti, bendi ikikosa mtu wa besi, huhamishwa kiti na vidole vyake vinabaki vilevile. Tromboni besi peke yake husoma ufunguo wa F, na huandikiwa kama inavyosikika. Wengine wote husikika tofauti na kilichoandikwa. Korneti na flugelihoni za B flati husikika chini kwa nusu-hatua 2 (nusu-hatua ni umbali mdogo kabisa kati ya nota mbili). Soprano husikika juu kwa nusu-hatua 3. Tenahoni ni chini nusu-hatua 9. Baritoni, yufoniamu na tromboni za tenor ni oktava moja na nusu-hatua 2 chini. Besi ya E flati ni oktava moja na nusu-hatua 9 chini, na ya B flati ni oktava mbili na nusu-hatua 2. Programu ya kompyuta itakugeuzia yenyewe, lakini mtunzi asiyeweza kuyageuza kichwani atasimama mbele ya bendi akiulizwa "hii yangu ni F au F shapu?" na atakosa jibu huku watu 25 wanamsubiri.

Sasa wajue kama watu. Soprano yuko peke yake juu ya bendi nzima, na kila kosa lake linasikika hadi mlangoni. Mpe mapumziko, na usimwanike huko juu kwa kurasa mbili mfululizo. Wanne wa korneti za mbele husoma ukurasa mmoja, kwa hiyo andika wazi ni nani anapiga: mmoja, wawili, au wote. Ukiacha "wote" kila mahali unamchosha kiongozi wao, ambaye huenda ana solo ukurasa unaofuata.

Repiano ndiye watunzi wageni humsahau. Ni mtu mmoja, mara nyingi mpigaji mzuri, na wengi humtumia kuongezea sauti ya mbele tu. Mwandikie sauti yake mwenyewe: wimbo wa chini chini pamoja na flugelihoni, oktava moja juu ya tenahoni, rangi ambayo hakuna kiti kingine kinaweza kuitoa. Korneti za pili na za tatu kwa kawaida ni wanafunzi wanaokua au wazee waliorudi nyuma kwa hiari yao. Usiwape nota ndefu za kujaza tu. Nimewahi kuona bendi nzima ikitabasamu kwa sababu korneti ya tatu, mzee wa miaka sabini na kitu, alipewa sentensi ya mwisho ya kipande peke yake, kwa sauti ndogo.

Tenahoni ni moyo wa bendi na ndizo zinazofunikwa upesi. Ukitaka zisikike, zipishe: nyamazisha tromboni, shusha korneti. Baritoni ina bomba jembamba kuliko yufoniamu na sauti yake ni nyepesi. Kuitumia kama yufoniamu ya akiba ni kuipoteza. Yufoniamu hufanya kazi ambayo selo hufanya kwenye orkestra, na wapigaji wake hupenda kufanyishwa kazi. Tromboni hubadilisha nota kwa kuvuta bomba, kwa hiyo mteremko wa sauti unaweza kuvuka nusu-hatua 6 tu kwa mvuto mmoja. Ukiandika zaidi ya hapo, umeandika kitu kisichowezekana. Besi zinahitaji hewa kuliko unavyodhani. Nota ya vipimo vinane kwa sauti kubwa haipo kwa mtu mmoja. Wanne wagawane pumzi, na wewe uwaonyeshe wapi.

Vyombo vya kugonga vilizuiwa mashindanoni hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Leo watunzi wengi wanavimwaga kama chumvi. Hesabu mikono kabla ya kuandika. Kama timpani, ngoma ndogo, zailofoni na matoazi vinalia kwenye kipimo kimoja, wanatakiwa watu wanne, na bendi nyingi ndogo zina wawili.

Hatua ya tatu: anza na dakika tatu

Usianze na simfonia. Anza na wimbo wa kanisa wa sauti nne, kwa sababu bendi nyingi hupashia midomo kwa nyimbo hizo na daima wanataka mpya. Wimbo wa beti tatu, kila ubeti umepangwa kivyake, utakufundisha mizani ya sauti kuliko kitu kingine chochote.

Chukua akordi moja, yaani sauti zinazolia pamoja, na uipange. Tuseme ni B flati meja inavyosikika. Besi za B flati zinaandikiwa C ya chini ya mistari. Besi za E flati zinaandikiwa G ya mstari wa pili, na hiyo inasikika oktava moja juu ya wenzao. Baritoni wanaandikiwa G hiyohiyo kwa macho, lakini inatoka F. Yufoniamu ni C ya nafasi ya tatu. Tenahoni moja inaandikiwa B ya mstari wa kati, na hapo ndipo ile sauti ya tatu ya akordi, D, inapoingia. Korneti juu wanagawana G, C na E. Hesabu sasa: D iko mara mbili tu, katikati na juu, na chini yake hakuna kitu kilichobanana. Ndiyo maana inang'aa. Ongeza D kwenye besi na kwenye baritoni, usikilize jinsi inavyogeuka kuwa tope. Fanya hivyo kwa makusudi mara moja, na sikio lako halitasahau.

Baada ya nyimbo, andika machi, kisha kipande cha solo cha dakika nne au tano. Kupanga muziki wa watu wengine nako ni chuo kizuri na kuna wateja, ila angalia haki. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, haki ya mtunzi hudumu miaka 70 baada ya kifo chake. Ndani ya muda huo, ruhusa ya maandishi kwanza, kalamu baadaye. Nimeona kazi ya miezi mitatu ikifungiwa kabatini kwa sababu ya ruhusa iliyodhaniwa itapatikana tu.

Hatua ya nne: andika kwa mapafu na midomo

Midomo ni nyama. Inachoka, inavimba, inahitaji damu irudi. Kanuni yangu: hakuna kiti kinachopiga zaidi ya kurasa mbili bila vipimo vinne vya kimya, na sehemu ya juu kuliko zote isije mara tu baada ya sehemu yenye kelele kuliko zote. Ukikiuka, bendi bora itakuvumilia, nyingine zitavunjika masikioni mwako.

Kwa bendi za daraja la chini, korneti za tatu zisivuke E ya nafasi ya nne isipokuwa kwa kupita. Korneti za mbele wanaweza G iliyo juu ya mstari wa tano bila wasiwasi, A na B kwa kiasi, C ya juu kwa nadra. Chini kabisa ni F shapu, na kuanzia hapo vali (vitufe vya kubadilisha nota) hazina la kufanya. Skeli rafiki ni zile zenye flati: B flati, E flati, A flati na D flati zinazosikika. Ukipenda D meja kwa sababu uliitunga kwenye gitaa, ipeleke nusu-hatua moja chini, au jiandae kwa tenahoni wanaosoma shapu tano.

Kizibo cha kupunguza sauti, kinachochomekwa kwenye mdomo mpana wa chombo, kinahitaji muda wa kuchomeka na wa kuchomoa. Kwa mwendo wa wastani nampa mpigaji vipimo vinne, na sisahau kuandika lini kinatoka. Andika pia sauti ndogo. Watu wengi hudhani brasi bendi ni kelele, kumbe bendi nzima ikipiga kwa pumzi ndogo kabisa ni mojawapo ya sauti nzuri zilizopo duniani, na ni kipimo kikali kwa mpigaji.

Hatua ya tano: nota safi

Programu zinazotumika sana ni Sibelius, Dorico na MuseScore, na hii ya mwisho ni ya bure. Finale, iliyotumiwa na watunzi wengi kwa zaidi ya miaka 30, iliachwa kuendelezwa Agosti 2024. Kama una kazi zako humo, zihamishe sasa. Yoyote utakayochagua, usiiamini inapokupigia muziki. Kompyuta haipumui, haichoki, na tenahoni yake husikika hata chini ya tromboni tatu.

Gharama ya nota chafu ni kubwa kuliko ya wazo baya. Kosa moja la nota hula dakika tano za mazoezi, na dakika hizo ni za watu wote. Kwa hiyo chapisha kila nota ya kiti, uisome kama mpigaji, kwa kuimba au kwa chombo. Ukurasa ugeuzwe penye kimya. Weka alama za kuanzia mazoezi kila penye mabadiliko, na zilingane na za kondakta. Mtu mwenye kimya kirefu mwandikie kwa nota ndogo anachopiga jirani yake kabla hajaingia. Mimi kwa kipande cha dakika kumi hutumia wiki mbili kwa kazi hii tu, na sijawahi kuzijutia.

Hatua ya sita: usiku wa kwanza

Mcheza kwao hutunzwa. Peleka kipande cha kwanza kwenye bendi inayokujua, si kwenye bendi kubwa inayopokea barua kama zako kila wiki. Muombe kondakta dakika 30 za mazoezi, bila ahadi ya onyesho.

Fika mapema, panga nota kwenye stendi mwenyewe, kaa nyuma karibu na besi, na unyamaze. Usimkatize kondakta. Akikosea mwendo, andika. Huenda mwendo wake ni bora kuliko wako. Rekodi kwa simu, kwa kuwa usiku huo hutasikia kitu, moyo utakuwa unapiga sana.

Kwenye mazoezi yangu ya kwanza nilimwandikia flugelihoni solo ya vipimo 16 bila mahali pa kuvuta pumzi. Alikuwa mama mmoja mtaratibu, mpigaji mzuri. Alifika kipimo cha tisa, sauti ikakatika, akashusha chombo, akaniangalia bila hasira. Wakati wa chai alinijia na penseli, akaweka alama mbili ndogo juu ya mstari. "Hapa na hapa," akasema, "na hiyo nota ndefu iwe fupi kidogo, wimbo wako hautapungua." Haukupungua. Alama zake zimo kwenye toleo lililochapishwa. Tangu siku hiyo, kabla sijaondoka mazoezini, namtafuta mpigaji wa kiti cha nyuma na wa vyombo vya kugonga nawauliza swali moja: wapi palikusumbua? Usiulize kama wamependa. Watakujibu kwa adabu na hutajifunza kitu.

Hatua ya saba: pesa zinatoka wapi

Wanaoishi kwa kutunga tu, bila kazi nyingine, ni wachache mno. Wengi hufundisha, huongoza bendi, hupanga muziki wa wengine au hukaa kama waamuzi wa mashindano. Sioni kama ni kushindwa: kazi hizo nne zote hukuweka ndani ya vyumba ambamo maagizo huzaliwa.

Agizo, yaani bendi au mtu kukulipa uandike kipande kipya, ndiyo mapato makubwa ya mara moja. Bei hupangwa kwa dakika za muziki na ugumu wake. Njia moja nzuri ya kupata agizo ni kuangalia miaka ya kuanzishwa. Bendi hupenda kusherehekea: Cory ilipotimiza miaka 100 mwaka 1984 ilimwagiza Philip Sparke, na kipande kile kinapigwa duniani kote mpaka leo. Bendi inayokaribia miaka 50 au 75 iandikie miaka miwili kabla, kwa kuwa inahitaji muda wa kutafuta fedha.

Mkataba uwe wa maandishi hata kama kondakta ni rafiki yako. Taja urefu wa kipande, ugumu, tarehe ya kukabidhi, malipo (nusu mwanzoni na nusu siku ya kukabidhi ni utaratibu wa haki), onyesho la kwanza ni lini, bendi itakipiga peke yake kwa muda gani kabla ya kuuzwa kwa wengine, na kwamba haki ya utunzi inabaki kwako. Hilo la mwisho usiliuze. Bendi moja niliyoiandikia nikiwa mchanga iliniomba niwaachie "kila kitu" kwa malipo yaliyoongezwa kidogo, nikakubali, na kile kipande hadi leo siwezi kukigusa.

Uchapishaji una njia mbili. Mchapishaji mwenye jina ana orodha ya wateja na husimamia maghala, naye hukulipa asilimia ya bei ya kila seti. Wright & Round wamekuwa kwenye biashara hii tangu 1875. Njia ya pili ni kujichapishia, kama Sparke alivyoanzisha Anglo Music Press mwaka 2000. Kujichapishia kunakuachia sehemu kubwa ya bei, lakini barua, ankara na malalamiko ni yako. Ushauri wangu: vipande vitano vya kwanza mpe mchapishaji ili jina lisafiri, kisha uamue.

Jiunge na chama cha haki za muziki cha nchi unayoishi mara tu kipande kinapopigwa hadharani. Uingereza ni PRS for Music. Vyama vya nchi mbalimbali hupeana fedha kwa makubaliano, kwa hiyo onyesho la Norway linaweza kukulipa ukiwa kwingine. Sajili kila kazi kwa jina lake kamili, na uombe bendi zikutumie orodha ya vipande vya kila tamasha. Kiasi kwa onyesho moja ni kidogo, lakini kipande kinachopigwa kwa miaka 20 hujilipa polepole.

Hatua ya nane: mashindano

Huwezi kuepuka mashindano kwenye ulimwengu huu. Yalianza kwa ukubwa Belle Vue, Manchester, mwaka 1853, na ya kitaifa yakaanza Crystal Palace, London, mwaka 1900. Mwanzoni bendi zilishindana kwa vipande vilivyokatwa kutoka opera. Mwaka 1913 Percy Fletcher aliandikia mashindano ya kitaifa kipande kipya mahsusi, na kuanzia hapo mlango ukafunguka: Holst 1928, Elgar 1930, John Ireland 1932.

Mara nyingi waamuzi hukaa ndani ya kibanda kilichofungwa, hawajui ni bendi gani inapiga. Bendi zote za daraja moja hupiga kipande kilekile, au kila moja huchagua chake. Kwenye mashindano ya Ulaya, yaliyoanza 1978, daraja la Ubingwa, la juu kuliko yote, hupiga vyote viwili. Kipande cha kuchagua ndicho nafasi ya mtunzi mpya, kwa sababu bendi hutafuta kitu kitakachomwonyesha mpiga solo wake bora. Waulize nani ni nyota wao msimu huu, uandike kwa ajili yake.

Kipande cha daraja la Ubingwa huwa cha dakika 12 hadi 18 na lazima kimjaribu kila mtu: wepesi wa vidole, sauti ndogo, solo za wazi, na nguvu iliyobaki ukurasa wa mwisho. Lakini zipo pia bendi za daraja la tatu na la nne, ambazo ni nyingi zaidi na zinalia njaa ya muziki wenye maana usiozidi uwezo wao. Watunzi vijana wanakimbilia Ubingwa kutafuta sifa. Nami nawaambia: kuandika muziki mzuri kwa nota rahisi ni kazi ngumu zaidi, na ndiyo iliyonilisha.

Hatua ya tisa: kabati la nota

Kila bendi ina mtunza nota. Ndiye anayejua kipande gani kimewekwa wapi, nani amepoteza ukurasa wa baritoni ya kwanza, na nini kipigwe kiangazi. Mtambue kwa jina. Nota zako zifike kwake zikiwa kwenye bahasha yenye kichwa, jina lako, muda na idadi ya kurasa kwa kila kiti, zikiwa zimepangwa kutoka soprano hadi vyombo vya kugonga, na nakala mbili za ziada za korneti za mbele. Ukigundua kosa baada ya onyesho la kwanza, mtumie ukurasa uliosahihishwa ndani ya wiki ileile, ukitaja ni upi utolewe. Mimi huweka daftari: kipande, bendi, tarehe, masahihisho yaliyotumwa. Mwaka jana mtunza nota wa bendi niliyoiandikia zamani aliniandikia kwamba besi ya pili ya E flati haipo kwenye bahasha na kipande kimo kwenye programu ya Jumamosi. Nilifungua daftari, nikaona ni toleo lipi, nikamtumia dakika ileile. Walikipiga.